Jinsi nilivyojua kama kuku wetu wa Ruai wanalipa
Pesa za mayai ziliingia kwa M-Pesa kila siku, lakini siku ya kununua chakula cha kuku hazikutosha. Nikaanza kupima kilo za chakula kwa kila trei ya mayai 30. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Kundi likitaga asilimia 80, yaani mayai 80 kwa siku kwa kila kuku 100, trei moja humaliza kilo 4.5 za chakula. Yetu ilizidi hapo sana: kuku wazee walikula bila kutaga. Tukawauza. Kisha nikaingiza kwenye gharama uchakavu wa banda na ujira wa mama, ambaye hakuwa akilipwa. Hilo liliniuma, kwani mabanda mengi huonekana yana faida kwa jasho la bure. Sasa nina bei ya chini kabisa ya trei, na siuzi chini ya hapo hata kwa jirani.