Maji ya chini hayaangalii mlima wako

Nilijua kutafuta maji ya chini ya ardhi yanaelekea wapi ni kazi ya siku mbili tu. Unazunguka kwenye visima vya watu, unashusha tepu, ile ncha ikigusa maji inalia piii, unaandika namba, jioni unachora ramani unarudi zako mjini. Nikakaa siku tisa.

Ilikuwa Makutupora, kaskazini ya jiji la Dodoma, kule kwenye kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na mashamba ya zabibu. Kwa wasiojua, visima virefu vya pale ndio vimeinywesha Dodoma miaka nenda rudi, na vina rekodi za vipimo tangu miaka ya 1950, hazina ambayo sehemu nyingi za Afrika hatuna. Ukiangalia grafu yake inachekesha na inatisha, maji yanashuka, yanashuka, mwaka hadi mwaka, mvua za kawaida zinapita kama hazikunyesha, halafu inakuja mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98 mto Kinyasungwe Ndogo unafurika na mstari unaruka juu ghafla. Yaani kisima kinaishi kwa akiba ya mwaka mmoja wa neema.

Sasa mimi sikwenda kwenye visima hivyo vikubwa, nilikwenda kwa jamaa yangu mmoja na majirani zake wenye visima vya kawaida, walitaka kujua maji yao yanatoka upande gani. Kabla yangu alishapita mzee wa vijiti, wale wanaotafuta maji kwa kutembea wameshika vijiti, akalipwa, akaonyesha kwa mkono "yanatoka kule mlimani". Basi.

Kosa langu la kwanza nilifanya siku ya kwanza. Watu wengi wanadhani kisima chenye maji karibu ndicho chenye maji "juu". Hapana. Kina peke yake hakikwambii kitu, lazima ujue mdomo wa kisima uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari halafu utoe kina. Tuseme kisima cha kwanza kiko mita 1,092 na maji yako mita 30 chini, maji yako 1,062. Cha pili kiko bondeni, 1,080, maji mita 12 tu, hayo yako 1,068. Kwa hiyo maji ya bondeni yako juu kuliko ya mlimani, na kama njia ipo yataelekea mlimani! Ukipata visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja unaweza kupata mwelekeo, vikiwa vingi unachora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu ambazo maji yako usawa mmoja, na maji kwa kawaida yanazikata kwa pembe mraba kwenda kwenye namba ndogo. Nasema kwa kawaida kwa sababu kwenye mwamba wenye nyufa maji yanaweza kufuata ufa yakakuacha na ramani yako.

Na kosa langu ndilo hili, ule urefu wa mdomo wa kisima kutoka usawa wa bahari nikachukua kwa simu. Ee bwana. Simu inaweza kukosea mita kumi na zaidi, na tofauti niliyokuwa naitafuta ni ya mita mbili tatu. Ramani ikatoka kama milima ya Uluguru. Ikabidi niazime leveli, kile kifaa cha kupimia tofauti za urefu wa ardhi, kwa survea mmoja na nianze upya, kisima kwa kisima, jua la Dodoma mnalijua.

Hata baada ya hapo kisima kimoja kikagoma, kila nikichora kuna shimo katikati. Nikarudi kwa mama mwenye kisima, shikamoo mama, marahaba, nikamuuliza juzi nilipokuja pampu ilikuwa imezimwa muda gani. "Aa mwanangu, si nilikuwa nimetoka kujaza tenki hapo hapo!" Maji hayakuwa yamepata hata muda wa kurudi juu. Tangu hapo nauliza kabla sijashusha tepu, na napenda kupima alfajiri.

Ramani ilipokaa sawa, ikaonyesha kitu ambacho mzee wa vijiti asingekubali. Maji yanaelekea juu, kwenye mlima, kwa sababu huko kuna kisima kirefu cha shamba kinavuta mchana na usiku, na kimegeuza mwelekeo wa eneo zima la karibu. Kwa macho ardhi inateremka huku, chini maji yanapanda kule.

Na huyo mama choo chake alikichimba upande wa chini wa kisima, kwa akili nzuri kabisa, ili uchafu uteremke mbali na maji ya kunywa. Nikamtandikia ramani juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamfuatishia mishale kwa kidole, kutoka chooni, kupita chini ya banda la kuku, mpaka kisimani. Akanyamaza kidogo.

"Sasa baba, nahamisha choo au yule mwenye shamba azime pampu?"