Filamu Iliyomfanya Babu Aseme

Babu yangu alikuwa akipaka piko kila mwezi. Alikaa nyuma ya nyumba chini ya mwarobaini, bakuli la bati magotini, na nilipokuwa likizo mimi ndiye niliyemshikia kioo. Alianzia kwenye panja, akashuka kwenye ndevu, akamalizia nyusi kwa mswaki uliochakaa, taratibu, asiache hata unywele mmoja mweupe. Sisi wajukuu tulijua sababu, na hatukuitaja. Kilifi nzima, huku pwani ya Kenya, inaijua. Mzee mwenye mvi na macho mekundu akikosana na jamaa zake, hasa akiwa na shamba, hachelewi kuitwa mchawi. Wazee wamekatwa mapanga usiku, ndani ya nyumba zao, kwa neno hilo moja.

Kwetu ni ndani huko, upande wa Ganze, mahali ambapo mvua ikikosa mara mbili mfululizo watu hula mlo mmoja. Mwaka huo mvua ilikosa, na mtoto wa baba mdogo akafariki kwa homa. Matanga hayajaanuliwa, baba mdogo akaenda kwa mganga kupiga mburuga, yaani ramli. Alichoambiwa huko hakukisema, ila aliporudi aliacha kumwamkia babu. Wake zake wakakataza watoto wasile kwa babu. Baadaye tukasikia kwamba vijana wawili wa ukoo wameonekana na dalali, wakipima kwa miguu kile kipande kinachopakana na barabara. Kila mtu alikuwa akijua, na jioni tulikaa pamoja tukizungumzia bei ya mahindi.

Filamu ililetwa na vijana waliokuwa wakizunguka na projekta na jenereta ndani ya pikapu. Walifunga shuka jeupe kwenye nguzo za goli la shule ya msingi, wakasubiri giza liingie. Wengi tulikwenda tukidhani ni sinema ya mapigano. Nilimshawishi babu. “Tsawe, twende ukanyooshe miguu,” nikamwambia, naye akavaa kofia yake akaja.

Ilipoanza watu walicheka kwa furaha ya kusikia Kigiriama kikitoka kwenye spika. Mama mmoja karibu yangu alipiga vigelegele kabisa. Kisha kicheko kikaisha.

Inaitwa The Letter. Maia Lekow na Christopher King waliipiga huku huku Kilifi, ikatoka 2019, na Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Inamfuata kijana, Karisa, anayerudi kijijini kutoka Mombasa baada ya kusikia habari za barua inayomwita bibi yake mchawi. Bibi huyo ana zaidi ya miaka 90. Katika ukoo huo huo wapo wanaoamini, na wapo wanaosema wazi kwamba kinachotafutwa ni ardhi. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma habari za mauaji ya wazee magazetini, nikakasirika, nikalala. Hapa nilikuwa namwona bibi mwenyewe, mikono yake, namna anavyowatazama watoto wake wanapomzungumzia, na nikashindwa kukaa vizuri.

Nikageuka kumtafuta baba mdogo. Alikuwa nyuma kabisa, juu ya pikipiki yake, amekunja mikono. Hakuondoka.

Shuka lilipozimika, kijana mwenye kipaza sauti aliuliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Akainuka mama mmoja mtu mzima, jirani yetu, akaongea bila kupokea kipaza sauti. “Kila Agosti mnatuvisha hando mnatupeleka Malindi tumchezee Mekatilili. Mekatilili naye alikuwa mwanamke mzee, tena mjane. Angekuwa anaishi humu leo, mngemfanya nini?”

Hakuna aliyemjibu. Mwaka 1913 Wagiriama walikula kiapo cha kumkataa Mwingereza nyuma ya mwanamke huyo. Serikali ilimkamata ikampeleka uhamishoni Kisii, akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Tunamtaja kwa fahari, na hatukosei. Lakini anayesema kuwaua wazee ni mila yetu anatusingizia, kwani sisi ni watu tuliowachongea wazee wetu vigango, nguzo za mbao za ukumbusho, ili hata wakifa wasisahaulike.

Ndipo babu aliposimama. Sikumtuma, wala sikujua kama anataka kusema. Alivua kofia.

“Mimi nyumbani kwangu naitwa mchawi,” alisema. “Napaka dawa kichwani ili wanangu wasinione mzee. Mtoto aliyekufa nilimpa jina langu mwenyewe. Ningejiua mara mbili kwa faida gani? Anayelitaka shamba aje aniombe mchana, aje na mashahidi.”

Akakaa. Naibu wa chifu alikuwepo, naye akalazimika kusema lililo kwenye kazi yake, kwamba Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenziwe uchawi mitaani badala ya kupeleka neno kwa wenye mamlaka. Wengi pale walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Sheria hiyo ni kuukuu na ina kasoro zake, lakini usiku ule ilisaidia.

Tulipokuwa tukirudi, mwalimu mmoja alilalamika njia nzima kwamba filamu za namna hiyo zinawaanika Wamijikenda, sisi Wagiriama tukiwemo, mbele ya ulimwengu. Namheshimu, na uchungu wake nauelewa, kwa kuwa tumechekwa sana. Hata hivyo nilimwambia, na bado nasema, kwamba aibu iko kwenye panga. Mabaraza ya chifu juu ya suala hili yalikuwa yamefanyika mengi, watu wakipiga makofi na kutawanyika. Yalikuwa yakihubiri. Filamu ilituonyesha familia ya watu wengine ikigombana, tukapata pa kuanzia kuizungumzia ya kwetu.

Kikao cha ukoo kilikaa siku chache baadaye, mchana, mashahidi wakiwepo. Shamba liligawanywa babu akiwa hai na mwenyewe akionyesha mipaka kwa fimbo, mkonge ukapandwa. Baba mdogo alipata kipande cha kando ya barabara. Hakuomba radhi, na babu hakumdai. Salamu zilirudi, za mkato.

Jirani yetu yule aliyemtaja Mekatilili hakupata bahati hiyo. Mwaka uliofuata alichomewa nyumba, akakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, wanakohifadhiwa wazee waliotishiwa kuuawa. Nilikwenda kumsalimia nikiwa na sukari na majani ya chai. Aliniuliza habari za babu, habari za mvua, kisha akaniuliza kama kesi yake imetajwa. Nikamwambia imeahirishwa tena.