Bomba Linauma

Jana usiku binti yangu alinikuta na kikokotoo mezani, daftari langu limelalia lake la hesabu, akaniuliza: "Baba, si wewe ni fundi umeme tayari? Chuoni unaenda kufanya nini?" Nikamwambia amalize kwanza sehemu zake. Jibu fupi sikuwa nalo. Jibu nililonalo linaanzia bafuni kwa yule mama wa Area C.

Ilikuwa Agosti 2019, kiangazi cha Dodoma kimekolea, udongo mkavu kama unga. Mama aliniita kwa sababu umeme ulikatika kila alipowasha hita ya kuogea. Hita ya wati 3,500, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20: hapo hapakuwa na kosa, maana 3,500 ukigawa kwa 230 unapata ampea 15 na kitu. Iliyokuwa ikikata ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja. Nikafanya nilichowaona wakubwa zangu kazini wakifanya: nikaitoa njiani, fezi na nyutro nikazipitisha moja kwa moja. Maji yakawa moto, nikalipwa shilingi 15,000, nikaondoka.

Siku ya nne akapiga simu. "Mwanangu, njoo. Bomba linauma."

Nilimkuta mlangoni pa bafu, kanga imelowa, mkono wa kulia kaukumbatia kifuani kama aliyebeba kifaranga. Vidole vinatetemeka. Hakunifokea, alinionyesha bomba kwa kidevu. Nikatoa testa mfukoni, nikagusisha ncha kwenye bomba la chuma, kidole gumba kichwani mwake. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka. Kwenye bomba la maji. Nikaifuta ncha kwa suruali, nikagusa tena, ikawaka tena. Nikaweka mita kati ya bomba na nyutro ya hita: volti 140. Nikaenda kwenye friji, nikapima bodi yake na nyutro ya soketi: 140 zile zile. Na breka ya ampea 20 imesimama juu, imetulia, kana kwamba nyumba nzima ni salama. Nyuma yangu mama akauliza, "Mbona haijakata?"

Nikanyamaza, kwa sababu sikujua.

Nilizima meni switchi, nikang'oa hita (elementi yake ilipasuka, umeme ukawa unavujia kwenye maji), nikairudisha RCD, nikafukua ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Pale panapotakiwa rodi ya mita 1.2 palikuwa na kipande cha nondo kisichofika nusu mita, klampu imeliwa na kutu. Nikagonga rodi mpya. Pesa yake nikamrudishia. Wenzangu nilipowauliza walisema "ethi mbovu", wakaishia hapo.

Swali la yule mama lilijibiwa ubaoni, muhula wangu wa kwanza, kwa mstari mmoja. Ethi ikiwa na ukinzani wa omu 100, volti 230 zinasukuma ardhini ampea 2.3 tu. Kwa breka ya 20 huo ni mzigo mdogo kuliko pasi ya nguo. Itakaa nao mwaka mzima. Breka ya aina C ya ampea 20 haikati papo hapo mpaka ione ampea 100 au zaidi. RCD inafanya kazi nyingine: inalinganisha mkondo unaoingia kwa fezi na unaorudi kwa nyutro, tofauti ikifika miliampea 30 inakata. Siku zote zile ilikuwa inasema kweli, mimi nikaiziba mdomo. Na kwa kuwa waya wa ethi unaunganisha vyuma vyote vya nyumba, ubovu wa hita ulitembea mpaka kwenye friji.

Karakana ndiyo iliyonifundisha kuipima ethi. Unaitenga rodi na waya wa nyumba, unachomeka ardhini vijiti viwili vya mita ya ethi, cha mwisho umbali wa mita 20, cha kati kwenye mita 12 na kidogo, unasoma. Kisha unasogeza cha kati mita moja mbele, mita moja nyuma; namba zikiachana sana, usiziamini. Na upime kiangazi. Namba ya Februari, ardhi imelowa, itakudanganya.

Sijui kama hayo yanatosha kuwa sababu ya miaka ya ada. Kijiweni wananiambia cheti hakishiki plaisi, na kuna usiku nawaamini.

Nyuma ya daftari nimeandika nyumba nilizotoa RCD kabla sijaelewa. Ninazozikumbuka ni 11. Nimeshapita nne; katika ya tatu RCD niliikuta inaning'inia nje ya boksi, vilevile nilivyoiacha. Katika zilizobaki, mbili wenyewe wamehama, na walioingia hawanijui. Sijui nikibisha hodi nitaanzia wapi.