Kuruta Nyumbani: Moto Usiongoja Gari

Kwenye chuo cha zimamoto ninakosoma, kila zoezi linaanza gari likiwa limeshafika. Kengele inalia, tunavaa, tunapanda, tunashuka, na pampu iko nyuma yetu inanguruma. Saa ya mkufunzi inaanza kuhesabu hapo. Mimi natoka Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambako gari la zimamoto halifiki mlangoni kwa mtu hata dereva wake awe malaika. Usita wa Mui wenyewe, ndio njia kuu ya mji, punda wawili wenye shehena wakikutana lazima mmoja apishe. Kwa hivyo tangu wiki za mwanzo nasoma kwa masikio mawili: moja la mtihani, jingine la nyumbani.

Sasa niko likizoni. Kaskazi inavuma na makuti ya juu yamekauka, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Haya ndiyo majira ambayo mtu wa Lamu akinusa moshi usiku haulizi, anaamka. Watu hawajasahau Faza, kisiwani Pate, mwaka 2009, moto ulivyoruka paa hadi paa na kuziacha mamia ya familia nje. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka majahazi yakiondoka na magunia ya nguo na unga.

Barazani wananiuliza zaidi habari za maisha ya chuo, basi niyamalize upesi. Tunaamka gizani, mchakamchaka, kwata, chai ya rangi, darasa, uwanja, kufua, kulala. Baridi ya bara haina adabu. Githeri nimeizoea, wali wa nazi nauota. Aliyewahi kukaa chuo chochote cha serikali anayajua haya, na mwenzangu wa bweni kutoka Kitui anasema mimi pekee ndiye ninayelalamika kuhusu samaki.

Bibi yangu hakuuliza habari za chakula. Aliuliza: "Na kitwa wafunika na nini?" Nikamwonyesha picha kwenye simu: kofia ya kitambaa kisichoshika moto, inafunika nywele, masikio na shingo, unabaki uso tu, na uso nao unaingia ndani ya barakoa ya hewa. Juu yake helmeti. Koti hadi mapajani, glavu, buti. Aliitazama picha ile muda mrefu. "Hili ni buibui la wanaume," akasema, na kesi ikaisha.

Somo ninalolipenda ni lile ambalo wenzangu wengi wanalichukia, chumba cha giza. Kioo cha barakoa kinazibwa usione kitu, unaingia ukitambaa, mkono wa kulia haubanduki ukutani. Mguu wa kushoto unaunyoosha kupapasa katikati ya chumba, huenda kuna mtu amelala pale. Umeingia kwa mkono wa kulia, basi ukigeuka unatoka kwa mkono wa kushoto, ukuta ni uleule. Ukipotea, unatafuta mpira wa maji na kuufuata; kiungio chake hakifanani pande zote mbili, na vidole vilivyofundishwa vinajua pampu iko upande gani hata ndani ya glavu. Wapo wenzangu wanaovua barakoa kwa hofu, na hilo si jambo la kuchekwa. Mimi nimekulia nyumba ya mawe: msana wa tini, msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, kisha ndani, chumba ambacho jua halikijui. Umeme ukikatika tulikuwa tukitembea kwa kupapasa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Giza la chuo kwangu lina vumbi kidogo tu kuliko la nyumbani.

Hewa ndiyo iliyonisumbua. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi msukumo wa baa 300 una kama lita 1,800 za hewa. Darasani tunakadiria lita 40 kwa dakika, kwa hivyo kwenye daftari una dakika 45. Daftari halibebi mtu mgongoni wala halipandi ngazi. Kuruta anayehema kwa pupa anaumaliza mapema zaidi, na filimbi ya tahadhari inalia akiwa bado ndani. Mkufunzi wetu ni mkali kwa hili: filimbi ikikulia unatakiwa uwe umeshatoka, siyo ndio uanze kutafuta mlango. Nilipomweleza kaka yangu, ambaye hupiga mbizi kutafuta kamba mawe bila mtungi wala filimbi, alinipa dawa kwa sentensi moja: usiivute hewa, itoe polepole, ya kuingia itaingia yenyewe. Nilirudi nayo chuoni baada ya likizo iliyopita na geji ikanipa heshima.

Kuna kanuni nyingine tuliyoazima Marekani, ambako majimbo yana vyuo vyao vya zimamoto na vingi vilifundisha kwa miaka kufuata kiwango cha ujuzi wa mzimamoto kilichoitwa NFPA 1001, ambacho sasa kimeingizwa ndani ya NFPA 1010. Wawili ndani, wawili nje. Hakuna anayeingia peke yake kwenye chumba kinachoungua, na wawili wanasubiri nje wamevaa kamili, tayari kuwafuata walioingia. Naipenda kanuni hii na inanikera vilevile, maana nikihesabu watu wenye vifaa kamili wanaoweza kufika Siyu au Kizingitini, huko huko Pate, kabla paa halijaanguka, sipati hata wale wawili wa ndani. Na tusimlaumu mtu wa Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hivyo lawama na hatua vyote viko huku huku kwetu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Siku za mwanzo kabisa tulichorewa ubaoni pembetatu ya moto: joto, hewa, na kitu cha kuungua. Ondoa kimojawapo, moto umekufa. Unaupoza, unauziba, au unaunyima chakula. Njia tatu. Lakini uwanjani, kama sehemu tisa kati ya kumi za jasho letu zinakwenda kwenye njia ya kwanza, maji. Sidharau. Kuna ufundi mkubwa pale: lita moja ya maji ikigeuka mvuke inapanuka kama mara 1,700, kwa hivyo ukimwaga ovyo kwenye chumba kilichofungwa unajichemsha mwenyewe. Unapiga dari kwa vipande vifupi, unasikiliza, unapiga tena, kabla moshi wa juu haujafika joto la kama nyuzi 600 na chumba kizima kuwaka kwa mpigo.

Lakini kuti si chumba. Kuti lilibuniwa likatae maji. Fundi analipanga kuti juu ya kuti, kwa mwinamo mkali, ili mvua ya kusi ipite bila tone kuingia. Ukisimama nje na mpira ukalimwagia, maji yanafanya vilevile kama mvua, yanateleza hadi uchochoroni, huku moto umejificha chini unatembea kwenye fito na upepo unabeba makaa kuyapeleka kwa jirani. Nimeuliza swali hili darasani. Jibu lilikuwa la adabu: tutalifikia. Bado hatujalifikia.

Basi nikaenda kwa ami yangu, nahodha mstaafu, kumuuliza zamani walifanyaje. Hakutaja maji kabisa. Alitaja upondo, mti mrefu wa kusukumia mashua. Alisema vijana walikuwa wakichukua pondo na kulabu mashuani, hawakuiendea nyumba inayoungua, hiyo waliihesabu imekwenda. Walitazama upepo, wakaruka nyumba moja au mbili mbele, wakapanda na kuyaangusha makuti ya paa lililo zima. Moto ulipofika ukakuta kuta za mawe na uwazi.

"Na mwenye paa zima alikubali?" nikamuuliza.

Ami akacheka sana. "Wengine walikubali. Wengine, hapo tena ilikuwa ni ngumi kwanza, paa baadaye."

Hiyo ndiyo njia ya tatu ya ubaoni, kuunyima moto chakula, na wazee waliijua bila ubao. Kinachonitatiza si nguvu ya kuvuta kuti, ni nani anayetoa amri. Chuoni kuna kamanda wa tukio, neno lake ni sheria, hakuna mjadala. Mtaani Mkomani, saa nane ya usiku, kuruta wa kike mwenye umri wa mjukuu anamwambia mzee wa watu kwamba paa lake zima libomolewe kwa sababu ya nyumba iliyo mbali na yake? Naiona picha hiyo na jasho linanitoka. Nadhani maneno haya yanatakiwa yasemwe mchana, barazani, kabla ya moshi wowote, mtaa kwa mtaa: paa lipi litaangushwa upepo ukiwa wa kaskazi, lipi ukiwa wa kusi, na mwenyewe atasaidiwaje kuezeka upya. La mwisho ndilo litakaloamua yote.

Jirani yetu, aliyekuwa akisikiliza toka dirishani, akaingilia: "Kwani mai ya bahari hayazimi moto?" Yanazima, bi. Pampu ya kubebeka ikishushwa kwenye ukuta wa bahari inatosha kabisa kulinda kuta na kupoza mabaki. Lakini pampu inanyonya maji kwa msaada wa uzito wa hewa. Hata kwenye vitabu haizidi mita 10 kwenda juu, na kwa vitendo ni kama 7, na maji yakipwa unatakiwa pia umfuate bahari huko alikokwenda, kwenye matope. Halafu chumvi. Pampu iliyokunywa bahari isiposuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, moto ujao itakataa kuwaka. Kwa hivyo ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo kila mvuvi anayo kichwani, inafaa ibandikwe pia mahali pampu inapolala.

Nimewaambia pia wanawake wa mtaani habari za gesi, kwa kuwa mitungi imeingia karibu kila jiko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala chini na kujikusanya pembeni, kwa hivyo ukiinusa usiguse swichi, fungua milango, funga mtungi. Na mtungi unaowaka kwenye vali usiuzime kama huwezi kuifunga; afadhali mwali unaouona kuliko gesi usiyoiona.

Jumapili narudi. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha bara. Fundi mmoja wa Shela amenipa vipande vya makuti ya viungo, vipya na vya zamani, na fito kadhaa, ili tujenge kijipaa uwanjani na kukichoma mbele ya mkufunzi. Mkufunzi alikubali kwa simu, kwa sharti kwamba nilete na upondo. Upondo hauingii kwenye buti la basi, nimeupima. Kondakta anasema utafungwa juu, na nitaulipia nauli ya mtu mzima.