Kipimo cha BNP

Baba alikuwa na presha kwa miaka mingi, lakini kilichompeleka wodini ni pumzi. Alikuwa halali ila ameketi. Daktari, binti mdogo kwangu kiumri, alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, akangoja kidogo, akaachia. Pakabaki shimo. "Maji," akasema.

Majibu ya damu yalirudi mchana: BNP zaidi ya 900, wakati ikiwa chini ya 100 daktari huwa na shaka kama moyo ndio tatizo. Nikauliza BNP ni nini. Nilitegemea lile jibu la kunifukuza. Yeye akavuta kiti.

Moyo, alisema, hutoa homoni. (Na sisi tuliofundishwa kuwa ni pampu tu!) Damu ikizidi, kuta zake hutanuka na kumwaga ANP kutoka vyumba vya juu, na BNP zaidi kutoka vya chini. Homoni hizo hunasa kwenye vipokezi vya mishipa na figo. Mishipa ikalegea, figo zikatoa chumvi na maji, presha ikashuka. Mwaka 1981 huko Kanada, Adolfo de Bold na wenzake waliwadunga panya kimiminika kilichotokana na nyama ya vyumba vya juu vya moyo. Chumvi katika mkojo ikapanda zaidi ya mara 30.

"Sasa kama anayo tele, mbona kavimba?"

"Nyingi tunayoipima bado ni changa, nguvu yake ndogo. Tena vipokezi vikimiminiwa homoni mfululizo huacha kuitikia vizuri. Na renini, kimeng'enya cha figo kinachoufanya mwili ung'ang'anie chumvi, nayo haijalala."

Baba, tuliyedhani amesinzia, akasema bila kufumbua macho: "Kumbe moyo unaita kama mzazi mwenye watoto viziwi." Daktari alicheka mpaka muuguzi akageuka.

Walianza na sindano ya kukojoza. Baadaye akapewa kidonge cha sacubitril na valsartan: sacubitril huzuia neprilisini, kimeng'enya kinachovunja homoni hizo, na valsartan hukabili upande wa renini. Baba alitaka kujua jambo moja tu: ataamka mara ngapi usiku kwenda msalani?

"Ya kukojoza meza asubuhi, mzee. Na ukiinuka kitandani usisimame ghafla." Kisha akanigeukia: safari ijayo tusidai BNP, maana kidonge hicho chenyewe huipandisha. Watapima NT-proBNP, kipande kinachobaki BNP inapokatwa kutoka ile changa, ambacho neprilisini haikigusi.