Kabla fundi wa pampu hajawasha pikipiki

Fundi akitumwa kijiji cha ndani huko Chemba, mkoani Dodoma, bila kuambiwa pampu ni ya aina gani, safari ya kwanza huishia kwenye kukagua tu. Afridev na India Mark II ni aina mbili za pampu za mkono, na vipira vya moja havitumiki kwenye nyingine, kwa hiyo anarudi kufuata vipuri, na mafuta ya safari zote mbili yanalipwa na watumia maji.

Orodha ya vituo vya maji iliyo wazi kwa kila mtu inaokoa safari hiyo. Takwimu za Wizara ya Maji zilizowekwa hadharani zina vituo zaidi ya 70,000 nchi nzima, vikiwa katika makundi matatu: kinafanya kazi, kinafanya kazi ila kinahitaji matengenezo, hakifanyi kazi. Ni hazina, lakini nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013, na baadhi ya vituo vina longitudo sifuri. Ukivichora vinaangukia baharini, Ghuba ya Guinea.

Kijiji kinaweza kuhuisha orodha yake kwa simu ya Android na programu ya bure ya ODK Collect au KoboCollect. Fomu hujazwa bila mtandao, ikatumwa ukifika penye mtandao. Maswali yasizidi kumi. Fomu ndefu hujazwa kwa kubahatisha.

Simama kando ya pampu, nje ya kivuli cha mti, usubiri kosa la GPS linaloonyeshwa na simu lishuke chini ya mita 10 ndipo uhifadhi. Tarakimu zote baada ya nukta zibaki: zikiwa mbili tu, kosa linaweza kupita nusu kilomita. Latitudo ya Dodoma ni kama -6.17. Alama ya kutoa ikidondoka mtu anapoandika kwa mkono, kisima kinahamia Ethiopia.

Swali la “inafanya kazi?” peke yake halimsaidii fundi. Hesabu mikupuo ya mpini inayojaza ndoo ya lita 20, uiandike. Ikiongezeka kutoka ukaguzi mmoja hadi mwingine, mara nyingi kipira cha pistoni kimelika. Maji yakichelewa kutoka kila asubuhi, kagua vali ya chini au maungio ya bomba: maji yanavuja usiku. Andika pia ladha, maana Dodoma kuna visima vizima ambavyo watu wamevikimbia kwa chumvi.

Tarehe ni lazima. Mkoa una msimu mmoja wa mvua, hivyo kisima chenye maji Aprili huenda kikakauka Oktoba. Ukaguzi wa mara moja tu kwa mwaka uwe Oktoba.

Kabla ya kutoa faili la CSV (jedwali la orodha hiyo) kwa umma, futa majina na namba za simu za wanakamati wa maji. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aina ya pampu usiifute hata kidogo. Nakala moja ichapwe, ibandikwe ofisi ya kijiji, kwa wasio na simu janja.