Wa baba nilichelewa

Tumehamia nyumba mpya na dada yangu kule Tanga kajifungua salama, Alhamdulillahi, ila tangu Jumanne kinachonizunguka kichwani ni neno la mwanangu wa pili.

Nilikuwa nakunja nguo kabla ya zamu ya usiku. Akaja na gitaa lake. "Mama, unajua Ben Barlow alimtungia baba yake wimbo?" Nikamwambia najua. Tunaishi Wrexham, kule Wales, mji uliowazaa Neck Deep, bendi ya roki ambayo Ben ndiye mwimbaji wake, na kwetu hakuna chakula cha jioni kinachopita bila habari zao.

Akasema, "Mimi wa baba nilichelewa. Wako niutunge sasa?"

Nikamwambia, "Nipe hiyo soksi nyingine."

Kazini nikawageuza wazee vitandani, nikawabadilisha mashuka, na lile neno linarudi: wa baba nilichelewa. Hukuchelewa, mwanangu! Hata Ben alikuwa ameshamzika baba yake. Fil Thorpe-Evans, aliyekuwa akipiga besi, naye alifiwa na baba yake kipindi hichohicho. Kwenye msiba huo ndiko ilikotoka albamu yao The Peace and the Panic ya 2017, ikashika nafasi ya 4 Uingereza na ya 4 Marekani. Vijana wa mji mdogo namna hii!

Saa ya mapumziko nikausikiliza tena, "19 Seventy Sumthin'". Mwanzoni hamna kilio. Unaanza na baba na mama walivyokutana, miaka ya sabini, huyu kijana na yule kijana. Kifo kinakuja baadaye. Nikasimama pale jikoni kwa wazee, moyo ukawa mwepesi ghafla. Ben asingeyajua hayo bila kusimuliwa, na ya kwetu ninayo mimi.

Asubuhi sikulala. Nikamkalisha mwanangu nikamweleza tulivyokutana: daladala ya Chumbageni, Tanga, baba yake kapakata tenga la nazi la bibi, anakataa kulishusha ili mimi nikae. Akaandika nyuma ya bahasha. Mkubwa akaweka simu juu ya friji arekodi. Nyimbo za kwanza za Neck Deep, 2012, zilirekodiwa hivyohivyo nyumbani, na Seb, kaka yake Ben. Leo Seb ndiye mpiga besi wao. Beti mbili zimeshapatikana. Tenga limo.

Ila ukuta wa chumba cha mdogo una unyevu, kona ya kitandani imeanza weusi, na kifua chake kinamsumbua. Kesho nampigia mwenye nyumba kabla sijavua hata koti.